Shangingi na Mtihani wa Februari

Leo nina habari ya gari la familia, na hasa lile kubwa la kifahari tunaloliita shangingi: Land Cruiser V8, Range Rover, Nissan Patrol na wenzao wa ukoo huo. Swali langu ni moja, na nitalirudia ili lisitupotee njiani. Je, familia changa inayokua, yenye mtoto mgongoni, mwingine wa chekechea na wawili wa shule ya msingi, ilifanye shangingi kuwa gari lake la kila siku? Jibu langu nalitoa mapema, usije ukaningoja hadi mwisho: kwa familia nyingi za ukanda wetu huu wa Tabora, Sikonge na Ipole, hapana. Na bei ya kununulia siyo inayonifanya niseme hivyo, maana wapo waliojaliwa kuipata. Kinachonifanya niseme hivyo ni mwezi wa Februari. Nivumilie kidogo, nitaufikia.

Kabla ya hapo tukubaliane jambo moja. Familia inayokua inahitaji gari, na anayeona kwamba gari ni anasa tu hajaangalia vizuri barabara zetu. Sensa zimekuwa zikionyesha kuwa kaya za Tabora ni kubwa kuliko wastani wa taifa. Kaya hiyo ikiwa na pikipiki moja, baba, mama na watoto wawili wanapanda mshikaki, mtoto mdogo amebanwa katikati, mwingine amekalia tangi, hakuna kofia ngumu hata moja. Hivyo ndivyo watoto wengi wanavyopelekwa kliniki, wanavyopelekwa kanisani au msikitini, wanavyokwenda kwa bibi. Kwa hiyo, msikilizaji, anayetaka kuwatoa watoto wake kwenye mshikaki namuunga mkono kwa moyo wote. Napenda apate chombo chenye paa, milango, na mkanda kwa kila mtoto. Tunachobishana hapa ni chombo gani, na kitaendeshwa kwa nini.

Sasa tujiulize: hamu hii ya shangingi ilitoka wapi? Ilitoka barabarani. Kabla lami haijafika, njia ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Koga hadi Mpanda ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na mto Koga ukijaa watu walilala njiani. Gari lililopita bila kunasa lilikuwa la aina moja. Alipopita mkuu wa mkoa, alikuwa ndani yake. Walipopita watu wa miradi, wageni wa vitalu vya uwindaji, wakaguzi na wabunge, walikuwa ndani yake. Mtoto aliyekua Ipole akiona hayo alijifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba mtu aliyefanikiwa husafiri hivyo. Wala hakukosea alichokiona. Ila kuna jambo moja ambalo hakuweza kuliona akiwa amesimama kando ya barabara: gari lile halikuwahi kulishwa kwa mshahara wa aliyekuwa amelipanda. Mafuta yalitoka serikalini au kwenye mradi. Matengenezo yalikwenda TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi, au kwenye karakana ya mradi. Tairi zilinunuliwa kwa fungu. Na hata serikali yenyewe mzigo huo uliielemea. Mheshimiwa Mizengo Pinda, mtoto wa Katavi ambaye njia hii ya Ipole ni njia yake ya nyumbani, alipokuwa Waziri Mkuu alilalamika hadharani juu ya gharama za mashangingi ya umma. Jirani zetu Kenya, mwaka 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza viongozi waache magari makubwa na wapewe yenye injini isiyozidi sisi 1,800. Zikanunuliwa Volkswagen Passat, na baadhi ya mawaziri wakasuasua kuyaachia makubwa yao. Fikiri hapo, msikilizaji. Hazina ya nchi nzima inakaa chini inapiga hesabu, inaona gari hili ni zito. Je, pochi ya baba mmoja na mama mmoja itasemaje?

Ukanda huu una kumbukumbu nzuri ya hesabu za safari, kwa sababu umeishi kwa safari. Karne ya kumi na tisa misafara ilitoka Bagamoyo ikaingia Unyanyembe, pale Tabora, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kusini kupitia Ukimbu na Ukonongo. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley, alipoona vita vya mtemi Mirambo vimeiziba njia ya moja kwa moja ya Ujiji, alizungukia kusini-magharibi kwa njia za Ukonongo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kila mmoja mzigo wa kiasi cha frasila mbili, karibu kilo thelathini na kitu, na mkuu wa msafara alijua vizuri kwamba vitambaa na shanga alizonunua Unguja hazitafika zote mwisho wa safari. Kila siku kulikuwa na posho ya watu. Kila himaya iliyopitwa ilikuwa na hongo yake, na ya Ugogo ilisifika kwa ukali. Msafara uliokwama haukukwama kwa sababu mwenyewe alishindwa kununua mali pwani. Ulikwama katikati ya njia, posho ilipokwisha. Gari la familia nalo ni hivyo hivyo. Siku ya kulinunua ni siku moja tu. Posho yake ni kila wiki, kwa miaka, na wakati huo huo watoto wanaongezeka na wanakua.

Ndiyo maana nilitaja Februari. Wewe unayelima unajua Februari ilivyo huku kwetu. Tumbaku bado iko shambani, au ndiyo kwanza inaingia kwenye mabani kukaushwa. Masoko bado hayajafunguliwa. Mahindi ya mwaka jana yanaelekea ukingoni, mapya bado mabichi. Januari imeshapita na sare, madaftari na michango ya shule. Mvua inanyesha, mbu wameongezeka, na malaria haichagui nyumba. Sasa mtoto anapata homa kali usiku, zahanati inasema mpeleke hospitali ya Sikonge, au usogee hadi Kitete pale Tabora. Gari liko uani. Je, lina mafuta? Huo ndio mtihani ninaouita mtihani wa Februari, na kwangu ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Gari la familia ni lile linaloweza kuwashwa Februari. Lile linalotamba Julai na Agosti malipo ya tumbaku yanapoingia, kisha likafunikwa turubai miezi mingine, familia haijalipata bado. Imepata gari la msimu.

Tupige hesabu moja tu, sitakuchosha na nyingi. Kutoka Ipole hadi Tabora mjini ni kiasi cha kilomita mia moja. Kwenda na kurudi mia mbili. Shangingi lenye injini ya V8 tulipe nafasi nzuri, tuseme linakwenda kilomita saba kwa lita moja: litataka lita 28 na nusu hivi. Gari la familia la injini ya sisi 2,000, kama Toyota Noah iliyotunzwa, tuseme linakwenda kilomita kumi na moja kwa lita: litataka lita 18 hivi. Tofauti ni lita kumi na nusu hivi. Tukichukua lita moja kwa shilingi 3,000, tofauti hiyo ni shilingi 31,000 na kitu kwa safari moja ya mjini. Sasa sikiliza hili. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulipoanzishwa mikoani ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Yaani safari moja ya Tabora kwa shangingi, ukilinganisha na gari la kawaida, inakula ziada inayozidi mchango huo wa matibabu wa kaya kwa mwaka. Narudia: safari moja, na matibabu ya mwaka. Ukienda mjini mara moja kila wiki, zidisha mwenyewe.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni, kwa sababu limejificha ndani ya pampu. Zamani kila mwenye gari alilipa ada ya mwaka ya leseni ya gari. Kuanzia bajeti ya 2017/2018 ada hiyo ilifutwa, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Wenye magari walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini maana yake ni kwamba sasa anayechoma mafuta mengi ndiye anayelipa kodi nyingi, kila mara anapofungua tangi. Ongeza hapo kwamba sisi tuko mbali na bandari. EWURA inapotangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, angalia mstari wa Dar es Salaam kisha shuka hadi mstari wa mkoa wetu. Utaona tumeongezewa gharama ya kusafirisha. Kwa hiyo gari lenye kiu linaadhibiwa zaidi huku bara kuliko pwani. Bima kubwa nayo hukokotolewa kwa thamani ya gari, na wakati wa kuingiza nchini ushuru wa bidhaa hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa na gari linavyokuwa kuukuu. Yaani shangingi la bei nafuu kutoka Japani, la miaka zaidi ya kumi, linakuja na mzigo wake wa ushuru mgongoni, halafu linakuja na uchovu wake.

Tuache fedha kidogo, tuingie ndani ya gari lenyewe, kwa sababu ni la kukaliwa na watu. Simama kando ya shangingi umtazame mama mwenye mtoto mgongoni akipanda. Mkono mmoja umeshika kitenge kisilegee, mwingine unatafuta pa kushika mlangoni, mguu unainuliwa hadi kwenye kijukwaa, na kwa nukta moja mwili wote na mtoto uko kwenye mguu mmoja. Msubiri bibi mwenye magoti mabovu naye apande. Kisha zunguka nyuma, ufungue buti. Kwenye Land Cruiser ya toleo la 200, lile lililotoka mwaka 2007, siti za safu ya tatu hukunjwa zikaning'inia kushoto na kulia. Zikiwa zimekunjwa, buti ni kubwa lakini watoto wawili hawana pa kukaa. Zikikunjuliwa, watoto wanapata siti lakini mzigo unakosa nafasi. Begi, ndoo ya asali na mfuko wa mchele vinaanza kugombana. Na wazazi wa Ipole hawasafiri mikono mitupu. Noah, ambayo wengine wanaidharau kwa kuwa wameizoea kama daladala, ina sakafu ya chini, mlango wa kuteleza usiomgonga mtoto wala ukuta, na safu tatu ambazo mtu mzima anaingia bila kupanda ngazi. Nasema hivi bila kutumwa na muuzaji wa gari lolote. Waliochora Noah walikuwa wakifikiria familia; waliochora shangingi walikuwa wakifikiria jangwa na milima.

Hapa najua kuna mzazi anainua mkono: lakini usalama je? Watoto wangu si wako salama zaidi kwenye gari kubwa zito? Ni hoja nzito, tusiipite juu juu. Ni kweli kwamba magari mawili yakigongana, walio kwenye zito mara nyingi huumia kidogo kuliko walio kwenye jepesi. Lakini uzito haumlindi mtoto asiyefungwa mkanda. Gari likisimama ghafla, mtoto aliyesimama katikati ya siti za mbele, kama watoto wetu wanavyopenda kusimama waone njia, ataendelea na mwendo ule ule mpaka azuiwe na kioo. Mkanda, kiti cha mtoto mchanga, tairi zenye kashata na mguu wa dereva ndivyo vinavyookoa kwanza. Isitoshe, gari la juu linabiruka kwa urahisi zaidi likikata kona kwa kasi, na lami mpya inashawishi kasi. Kisha kuna watoto walio nje ya gari. Taasisi ya bima inayochunguza usalama wa barabarani Marekani ilitoa utafiti mwaka 2023 ulioonyesha kwamba magari yenye boneti iliyozidi kimo cha mita moja yana uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko yale yenye boneti fupi iliyolala. Boneti ya mita moja, msikilizaji, inamfikia mtoto wa darasa la kwanza shingoni au kichwani. Na uani kwetu, ambako watoto wa nyumba tatu wanacheza pamoja, dereva wa gari refu anayerudi nyuma hamwoni aliyechuchumaa. Ukisema usalama wa watoto, wahesabu na hao.

Hoja ya pili ni ya barabara, nayo ina ukweli wake. Lami imefika Ipole, ndiyo, lakini ukichepuka kuelekea Rungwa ni msitu wa miombo, mbuga zenye udongo mweusi unaonata masika, na ndorobo wanaokulazimisha kufunga vioo. Anayeishi au kufanya kazi huko ndani, mganga, mfuga nyuki mkubwa, askari wa wanyamapori, anahitaji gari la juu linalovuta kwa matairi yote manne. Sina ubishi naye. Ila tazama watu hao wanatumia gari gani hasa. Wanatumia ile Land Cruiser ya mkonga, siti ngumu, springi za bamba, injini ambayo fundi wa Sikonge anaifungua na kuifunga. Shangingi la kifahari ni kiumbe kingine. Lina springi za hewa au mifumo ya mafuta inayoinua na kushusha bodi, sensa kila kona, injekta zisizotaka dizeli chafu ya kwenye madumu. Taa moja ikiwaka kwenye dashibodi, inatafutwa kompyuta ya kulipima, na spea inaagizwa Mwanza au Dar es Salaam. Kwa hiyo mwenye hoja ya barabara mbovu ananiambia niende kwenye mkonga, au kwenye Prado la zamani lenye injini ndogo ya petroli. Hanipeleki kwenye V8 yenye siti za ngozi. Na yule ambaye mara tano kwa mwaka tu ndiyo anaingia njia ya tope, kukodi mkonga kwa siku hizo tano kunamtosha.

Yupo pia atakayesema shangingi halipotezi thamani, ukiuza unarudisha fedha yako. Kwa Land Cruiser kuna ukweli, soko lake linashika bei kuliko magari mengi. Tatizo ni kwamba wanunuzi wako mijini, na anayeuza kwa sababu ada ya shule imemkaba hauzi kwa bei anayoitaka yeye. Dalali ananusa haraka ya muuzaji kabla hajashuka garini. Na yupo atakayenong'ona kuhusu heshima: kwamba ukwe, mahari, vikao vya harusi, vyote vinataka mtu aonekane. Hilo silidharau. Heshima ni kitu cha kweli hapa kwetu, na mtu aliyelima ekari zake kwa jembe ana haki ya kuonekana amefika. Lakini nauliza: heshima mbele ya nani? Wakwe wanakuona siku mbili kwa mwaka. Mkeo na watoto wanakuona Februari.

Basi kwa mzazi ambaye fedha ya tumbaku au ya asali imeingia na moyo uko sokoni, nina mambo machache ya kufanya kabla ya kutoa hata senti. Nenda na familia nzima, mtoto wa mgongoni na bibi wakiwemo. Wapande wote, wafunge mikanda wote. Kama mkanda mmoja umepungua, hilo si gari lenu, hata kama lina siti. Noah nyingi zilizotumika kama daladala zimeongezewa benchi lisilo na mikanda, kwa hiyo angalia hapo hasa. Pakieni mabegi mkiwa mmekaa. Kisha mwombe fundi wa karibu na kwako, yule utakayempigia simu likiharibika, aje alione, akwambie kwa kinywa chake kama anaweza kulitengeneza. Chukua daftari, andika safari za mwezi mmoja wa kawaida, shule, shamba, mjini, kliniki, uzidishe kwa bei ya EWURA ya mwezi huo, uongeze bima na tairi. Baada ya hapo mkae, wewe na mwenzio, muulizane kama kiasi hicho mlikuwa nacho mfukoni Februari iliyopita. Kama mlikuwa nacho na kikabaki cha chakula na ada, hata shangingi nunueni, mkaliendeshe taratibu. Kama hamkuwa nacho, shukeni daraja moja au mawili, na ile tofauti ya bei muiweke mahali ambapo haiguswi hadi mabani yatakapoanza kutoa moshi tena.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumzia viti vya watoto wachanga kwenye magari: vinapatikanaje, vinafungwaje, na mtoto wa umri gani akae upande gani. Kaa na kalamu karibu.